Jinsi Nilivyoizuia Kampuni ya Bima Kulifuta Gari Langu

Ushauri wa kwanza niliopewa baada ya Toyota yangu kugongana na lori kwenye Barabara ya Jogoo ulikuwa mbaya kuliko ajali yenyewe. Shemeji yangu, ambaye anajua kila kitu kuhusu magari isipokuwa namna bima inavyoyalipia, alinihimiza niiambie gereji ivimbishe makadirio ya matengenezo ili kampuni ilipe vizuri, na jirani zangu wakamuunga mkono. Hakuna aliyefikiri kwamba makadirio makubwa ndiyo yanayoliua gari.

Kwa fundi, karibu kila gari hutengenezeka. Kwa kampuni ya bima, hilo ni suala la hesabu. Mkadiriaji huandika thamani ya gari kabla ya ajali, kisha gharama ya kulirudisha barabarani, na kampuni nyingi hapa Kenya huweka mpaka kwenye nusu ya thamani hiyo, kama ulivyosema mkataba wangu. Gharama ikiuvuka, gari hufutwa: halitengenezwi, mwenyewe hulipwa thamani yake, na kampuni huchukua mabaki. Nyuma yake ipo hesabu nyingine ambayo mwenye gari haelezwi, nayo ni bei ambayo wanunuzi wa mabaki wako tayari kutoa. Gari langu liliandikiwa thamani ya Sh780,000, matengenezo kama Sh470,000, na mabaki yalitajiwa Sh350,000 hivi. Kampuni ingenilipa, ikauza mabaki, na ikabaki imetumia Sh430,000 tu, nafuu kuliko kumlipa fundi. Ndiyo sababu gari la zamani hufa kwa jeraha ambalo gari jipya lingepona: eabagi, yaani mifuko ya hewa ya kukinga abiria, zikifumuka, dashibodi na mikanda yake huweza kuila nusu hiyo kabla bampa haijaguswa. Zangu, kwa bahati, hazikufumuka.

Silaha yangu ya kwanza dhidi ya uamuzi wa kulifuta ilikuwa barua kwa kampuni. Mimi ni mwalimu, na niliandika kurasa mbili kuhusu miaka ambayo gari hilo limewapeleka wanangu shuleni, insha ambayo ningempa mwanafunzi wangu alama zote. Nilijibiwa kwa mistari miwili iliyoniomba nipeleke logibuku na funguo. Hapo nilielewa kwamba katika ofisi ile machozi hayana safu ya kuandikiwa, nikaomba nakala ya ripoti ya mkadiriaji. Iombeni mapema, kabla hamjatia sahihi karatasi yoyote ya malipo.

Ripoti ilikuwa na mstari mmoja mzito kuliko yote: chesisi imepinda. Nilimpeleka fundi wangu wa kunyoosha mabati mahali gari lilipohifadhiwa, naye hakubishana na mtu. Alitoa utepe wa kupimia na chaki, akalala chini ya gari, akatia alama kwenye matundu ya chesisi, mbele na nyuma, kulia na kushoto. “Mwalimu, shika hapa, usiuachilie,” akaniambia, nami nikapiga magoti kwenye mafuta nikiwa na sketi ya kazini. Alipima kutoka tundu la kulia mbele hadi la kushoto nyuma, kisha akavuka upande wa pili. Chesisi ikiwa imepinda upande, vipimo hivyo viwili hutofautiana. Vyetu vililingana kabisa. Kilichokuwa kimepinda ni chuma cha mbele kinachobeba rejeta, ambacho hukatwa na kuchomelewa kingine. Nilipiga picha utepe katika kila alama, namba zikisomeka. Sijawahi kujivunia picha kiasi hicho, hata za harusi yangu.

Vipuri vilinichukua asubuhi moja kwenye Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado wanaiita Grogan. Mkadiriaji alikuwa ameandika bei za taa na fenda mpya kabisa. Nilirudi na bei za vipuri vilivyotumika kutoka Japani, zikiwa zimeandikwa na kupigwa mhuri, kwa maana bei ya mdomo haimshawishi mtu wa bima. Kuhusu thamani, niliambatisha ripoti ya uthamini waliyoifanya wao wenyewe nilipokata bima, pamoja na risiti za magurudumu na huduma.

Walikubali kulikagua gari upya, fundi wangu akiwepo. Thamani ilipanda hadi Sh860,000 na matengenezo yakashuka chini ya laki nne, yaani ndani ya nusu. Sehemu ya hasara ambayo mkataba ulinitaka niibebe mwenyewe niliilipa bila kunung’unika, au kwa kunung’unika kidogo. Kumbukeni pia kwamba yote haya ni ya mwenye bima kamili. Ile inayolazimishwa na Sura ya 405 ya sheria za Kenya hulinda watu wengine na haigusi bati lako.

Gari lilipokamilika, gereji ilinisihi nitie sahihi upesi karatasi ya kuridhika ili ilipwe. Nilisubiri giza liingie, nikawasha taa mbele ya ukuta, na ya kushoto ikaonekana inamulika juu kuliko mwenzake. Walilifungua tena, wakairekebisha, ndipo nikatia sahihi.