Niliwahi kwa Saa Sita

Nimewahi mahali pengi maishani, maana kwetu kuchelewa ilikuwa dhambi, lakini sijapata kuwahi kama nilivyowahi Masaki Jumapili ile. Niliwatangulia wenyeji kwa saa sita nzima.

Kosa lilikuwa kwenye ujumbe wa simu. Jamaa niliyesoma naye Tanga, siku hizi mtu wa Dar, aliniandikia: "Wapenzi wa saa na magari ya kale, Jumapili, 3:00. Njoo na ile saa ya Mzee wako." Kwangu mimi tatu ni tatu. Nikaamka mapema gesti Magomeni (elfu thelathini na tano, feni inakoroma, bafuni ndoo), nikapiga pasi shati, nikashika bajaji. Dereva alianzia elfu kumi na tano, tukamalizana kwa kumi, na mpaka leo naamini alinipiga. Saa tatu kasoro dakika tano asubuhi nikawa getini.

Mlinzi alinitazama kuanzia viatu. "Kaka, wewe ni wa mahema?"

Mahema yenyewe yalikuwa bado juu ya lori.

"Hapana, nimekuja kwenye saa."

"Mambo ya saa ni saa tisa, kaka." Akatazama tena viatu vyangu, akaongeza kwa huruma, "Alasiri."

Hapo ndipo nilipoelewa. Aliyeandika alinakili namba iliyo kwenye uso wa saa, na mimi nikaisoma kama tunavyoitamka. Tangu utotoni tunaona mshale uko kwenye 3 tunasema tisa, uko kwenye 10 tunasema nne, na hatuoni ajabu yoyote mpaka likukute jambo. Lakini niseme ukweli, iliniuma. Watu wana saa za mamilioni mkononi, na neno "alasiri" limewashinda kuandika!

Kurudi Magomeni na kuja tena ni elfu ishirini nyingine. Nikatembea mpaka Coco Beach. Mihogo ya kukaanga yenye pilipili na kachumbari ilinisitiri, na bahari haina kiingilio. Nilikaa nikitazama watoto wakichimba mchanga, nikanunua mihogo mara ya pili, nikalala kidogo chini ya mti, viatu nimevifanya mto. Kila nikiamka naitazama saa ya Baba, na kila nikiitazama iko mbele ya simu yangu. Hilo halikunishtua. Saa ile huwa inakimbia.

Saa tisa kamili nilirudi getini, mlinzi akanipokea kama ndugu. Kiingilio elfu thelathini. Ndani soda ni elfu nne, soda ile ile ninayoijua.

Kuhusu magari, sitaandika mengi, kwa sababu anayeyapenda ameshayaona na asiyeyapenda hatasoma. Kulikuwa na Volkswagen mbili za mgongo wa kobe, Land Rover ya chasi fupi, Mercedes kadhaa za enzi za mabosi wa mashirika ya umma, na Pijo 404 nyeupe iliyonisimamisha. Gia yake iko kwenye usukani. Mwenyewe, mzee wa kofia ya kiua, alinifungulia mlango kabla sijaomba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa, kaa ndani. Aina hii ndiyo iliyochukua Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, mara nne. 1963, halafu 1966, 1967 na 1968, mfululizo." Alihesabu kwa vidole, kama anayetaja wanawe. Akacheka peke yake. "Lakini enzi zile za shida ya mafuta, Jumapili saa kama hii usingeniona nayo barabarani. Kwa amri ya serikali, ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi yote yalikuwa nyumbani. Leo Jumapili ndiyo siku yake ya kutoka."

Meza ya saa ilikuwa chini ya hema. Kijana mmoja aliniruhusu kuvaa Omega Speedmaster yake, aina ile waliyokwenda nayo mwezini mwaka 1969, ya kutia ufunguo kwa mkono. Akanitajia bei. Nikaivua polepole, maana nilikuwa nimevaa kiwanja cha Kibaha. Alipoiona Seiko 5 ya Baba alitabasamu tabasamu la adabu. Mzee aliyekaa pembeni na lensi jichoni akamkata: "Usiicheke hiyo. Mwaka huo huo wa mwezi wako, siku ya Krismasi, Seiko ndio waliotoa saa ya kwanza ya mkononi ya kwozi, zile za betri zisizotiwa ufunguo, na Uswisi viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine." Kisha akanigeukia. "Ina tatizo gani?"

"Inakimbia. Dakika tatu, nne kwa siku."

Fundi wa Tanga aliwahi kuifungua, akaisafisha, akala hela, akasema haina ugonjwa. Ikaendelea kukimbia.

Mzee akaibana kwenye kimashine chenye kipaza sauti kidogo. Nilidhani ni cha kuipima uzito. Kumbe kinasikiliza. Saa ile hugonga mara 21,600 kwa saa moja, yaani mara sita kila sekunde, na kila pigo lilitokea kwenye kioo kama nukta. Nukta za saa isiyo na ugonjwa hujipanga kama mstari wa daftari. Za kwetu zilipanda kama ngazi ya mnazi. Pembeni iliandikwa +231, yaani sekunde 231 mbele kwa siku.

Hakuifungua. Alichukua dira ndogo, akaisogeza saa karibu, na mshale wa dira ukaruka.

"Imeshika sumaku. Ndani kuna kamani nyembamba kama unywele, imejikunja mizunguko mingi. Ikishika sumaku, mizunguko inanatana, ni kama umeikata fupi, basi gurudumu linarudi haraka kuliko kawaida. Nyumbani huwa mnaiweka wapi usiku?"

Nikanyamaza kwanza.

Baba alikuwa karani kwenye shamba la mkonge. Saa ile aliinunua Mombasa, na kila usiku kabla ya taarifa ya habari aliivua, mara mojamoja akasubiri mlio wa redio, akaiweka sawasawa. Kisha akailaza palepale juu ya redio, juu ya spika, mpaka asubuhi. Miaka yote. Pale alipoirekebisha ndipo alipoiharibu. Na sisi tukatolewa nyumbani mbio kila safari, tukakaa stendi tukila machungwa na kumsikiliza akisema watu wa siku hizi hawajui muda. Mama alikuwa akinung'unika kwamba basi halijafunguliwa hata mlango. Tuliamini ni nidhamu ya kazini.

"Juu ya redio," nikamwambia.

Mzee hakucheka. Alitoa kiboksi cha buluu, akaiweka saa juu, akabonyeza kitufe, akaiinua taratibu mpaka usawa wa kifua ndipo akaachia. Akairudisha kwenye mashine. Nukta zikalala. +12. Hakutaka hela. Nilimnunulia soda ya elfu nne, ya kwanza siku ile niliyolipa bila kinyongo.

Jioni Mercedes moja iligoma kuwaka, tukaisukuma watu sita, wenye saa za viwanja na mimi, mpaka ikashika. Mlinzi ndiye aliyekuwa akihesabu moja, mbili.

Gesti usiku niliivua saa kwa mazoea, mkono ukaenda kuilaza juu ya spika ya televisheni. Nikaurudisha. Nikatazama chumbani kote, hakuna meza. Nikaiweka ndani ya kiatu.