Nyuki, Wino na Bwana Kącki

Nilifika stendi ya Łomża, kaskazini-mashariki mwa Poland, nikaambiwa basi la Nowogród limeshaondoka. Ni kilomita kama 15 tu, lakini kwa baridi ile ya Aprili sikuwa na ubavu wa kuzitembea. Mwenyeji wangu, mzee mstaafu mwenye mizinga nyuma ya nyumba yake, akampigia mpwa wake aje na gari. Kisha akanigeukia: "Bwana asiwe na wasiwasi." Wapolandi humheshimu mtu kwa kumsemesha kana kwamba ni mwingine aliye pembeni, sawasawa na sisi tunavyouliza, "Mzee anasemaje leo?" Neno lao ni *pan*. Liweke akilini, maana ndilo lililonifanya nizunguke nchi nzima.

Mimi ni mtoto wa Sikonge, mkoani Tabora. Babu yangu ni mrina asali, na msituni kwetu mizinga ya magome hutundikwa juu ya miti ya miyombo. Nilikwenda Poland kufuata vitabu vya zamani vya nyuki, na nilidhani nitaziona maktaba tu. Mzee alikataa. Alisema kitabu cha nyuki ukikisoma bila kuuona mti uliokizaa, umesoma nusu.

Mti wenyewe ni msonobari. Nowogród kuna makumbusho ya wazi juu ya ukingo wa mto Narew, yaliyofunguliwa 1927 na Adam Chętnik, mwandishi aliyetumia maisha yake kuandika habari za watu wake wa Kurpie, eneo hili la misitu. Hapo ndipo nilipoelewa maana ya *barć*. Ni tundu linalochongwa ndani ya mti ulio hai, mita kadhaa kutoka chini, nyuki wakaishi humo. Mrina wake huitwa *bartnik*, naye hupanda kwa kamba. Mzee akanieleza pia dawa ya dubu. Gogo zito lilining'inizwa mbele ya tundu. Dubu akilisukuma linarudi na kumgonga, akikasirika na kulisukuma kwa nguvu linamgonga zaidi, mpaka anaanguka. Nikamsimulia habari za nyegere wetu, mnyama mdogo asiyeogopa kitu. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Maandishi ya kwanza ya misitu hii yalikuwa ya sheria, wala hayakufundisha kufuga. Mwaka 1559 Krzysztof Niszczycki, mwakilishi wa mfalme huko Przasnysz, aliandika sheria za warina wa eneo lake. Mwaka 1616 Łomża nayo ikapata zake. Kila mrina alikuwa na alama yake iliyochongwa kwenye shina la mti, warina walikuwa na mahakama yao wenyewe, na mwizi wa nyuki angeweza kupoteza uhai. Ukizisoma unasikia kabisa kwamba kuna watu walioketi wakabishana: kundi likihama na kutua kwenye mti wa jirani, ni la nani? Mkubwa ameshika kalamu, lakini hoja ni za watu wenye utomvu wa msonobari mikononi.

Jambo hilo likanifuata mpaka Zamość, kusini-mashariki, nilikofika baada ya kutwa nzima barabarani. Ni mji uliopangwa kama ubao wa drafti. Jan Zamoyski, kansela wa mfalme, aliuanzisha 1580, akamkabidhi ramani Bernardo Morando, msanifu kutoka Padua, na 1594 ukapata chuo. Kutoka mji huu, mwaka 1614, kilitoka kitabu ambacho wafugaji wa Poland hukitaja kama babu wa vitabu vyao vya nyuki: *Nauka koło pasiek*. Kwa Kiswahili chetu cha nyuki ningekiita "Elimu ya Manzuki", yaani ya mahali pa kufugia nyuki. Aliyeandika ni Jan Ostroróg, mtu mkubwa serikalini na tajiri wa ardhi. Lakini soma jina la kitabu mpaka mwisho: kimeandikwa "kutokana na maelezo ya Bwana Walenty Kącki".

*Pan* Kącki. Mtukufu mwenye cheo na mashamba alikaa chini, akamsikiliza mtu aliyejua nyuki, akaandika, halafu akaliweka jina la msemaji pale juu. Nilikaa kwenye ngazi za ukumbi wa mji, ngazi zile mbili zinazoteremka kama mabawa, nikalirudia jina hilo mara tatu nne. Nimesoma ripoti nyingi za nyuki wa Tabora. Jina la mrina humo sijawahi kuliona. Huandikwa "wafugaji wa kienyeji" basi, imetosha.

Lwów sikwenda. Leo ni Lviv, iko Ukraine, na vita havijaisha. Huko Teofil Ciesielski, profesa wa mimea, alianzisha 1875 jarida la *Bartnik Postępowy*, "Mrina wa Maendeleo", na kwa jina hilo tu unajua enzi za kupanda kwa kamba zilikuwa zinafungwa.

Kituo cha mwisho kilikuwa Kluczbork, Silesia. Katika makumbusho ya mji huo yenye jina la padri Jan Dzierżon, nilijifunza kwamba mambo ya lugha ni magumu kuliko ya nyuki. Dzierżon alizaliwa 1811 kijiji cha jirani, Łowkowice, katika jamii iliyosema Kipolandi chini ya utawala wa Prussia, dola la Wajerumani. Mwaka 1845 alitangaza katika jarida la Kijerumani kwamba nyuki dume hutokana na mayai yasiyorutubishwa. Walimpinga kwa miaka. Mzinga wake ulikuwa na vijiti vya juu, kila sega likaning'inia peke yake, likatolewa bila kulivunja. Anayeijua mizinga ya viunzi kwetu ameshawaona wajukuu wa wazo hilo. Kazi zake kubwa aliziandika kwa Kijerumani, na Wajerumani na Wapolandi wamegombania utaifa wake mpaka basi. Mwenyewe hakuwa mtu wa kutulizwa: alikataa fundisho la Papa kutokosea, Kanisa likamtenga, na wakapatana akiwa mzee sana. Alifariki 1906, akazikwa pale pale Łowkowice.

Nimesema alifariki. Nyuki naye, mzee alinieleza, kwa Kipolandi hufa kwa kitenzi cha binadamu. Mbwa au ng'ombe ana chake cha chini.

Jioni, stesheni ya Kluczbork, nilimpigia Babu. Nikamweleza habari za padri na vijiti vyake.

"Masega yanatoka mazima?"

"Mazima, Babu."

"Na hiyo nta anaipata wapi, kama sega analirudisha?"

Sikuwa na jibu. Nikamuuliza yeye anajuaje kundi limeukubali mzinga mpya. Akakohoa, akasema ngoja akae vizuri, maana hilo lina mambo. Nikageuza tiketi ya treni nyuma, juu kabisa nikaandika: *Kutokana na maelezo ya Bwana*, na jina lake kamili, la baba yake na la babu yake. Alikuwa bado yupo kwenye harufu ya mzinga tiketi ilipojaa, nikahamia kwenye karatasi iliyofungia mkate.