Benchi la stesheni

Jana usiku, wanangu walipolala, nilitazama tena Cathy Come Home, filamu ya Ken Loach iliyorushwa na BBC mwaka 1966. Ni nyeusi na nyeupe. Nilivumilia yote, hata kule kufukuzwa huku na kule, mpaka pale stesheni ya treni. Usiku, Cathy kaketi na watoto wake, hana pa kwenda, na maofisa wa ustawi wa jamii wanakuja kumpokonya watoto. Anawang'ang'ania, anapiga mayowe, watoto wanalia. Kosa lake ni kukosa nyumba tu! Jamani, alikuwa anawapenda. Mimi ninalea watoto wa watu, walioondolewa kwa wazazi wao, hapa Leicester, Uingereza. Kila anayeletwa mlangoni kakumbatia mfuko wake wa nguo, namwona mama yake kwenye benchi lile.