Medali bila sare: nilivyovaa kwenye harusi ya binti yangu

Kamati ya harusi ilipoketi kwetu Chavakali, mavazi ya baba wa bibi harusi yalipitishwa kabla mwenyewe sijaulizwa. Nije na koti jekundu la gwaride, kofia, glavu nyeupe na medali zote. Wazo lilikuwa la binti yangu. Sebuleni tuna picha yangu nikiwa kwenye gwaride la Jamhuri, amekua akiitazama, na kwake baba aliyevaa vizuri ni yule wa pale ukutani.

Sasa, koti lile si langu. Nilipostaafu nikiwa sajini nilirudisha vifaa stoo, nikatia sahihi, nikatoka langoni nimevaa shati na suruali kama mtu yeyote. Kanuni ya Adhabu ya Kenya inamkataza asiye mwanajeshi kuvaa sare ya jeshi bila ruhusa, na mstaafu ni raia kama muuza mboga wa Mbale. Shemeji mmoja akasema anamjua mtu Kisumu anayekodisha nguo za maigizo, hata za jenerali anazo. Nikamwambia, "Shemeji, nimemaliza kazi ya jeshi bila kulala selo. Sitaki kuanzia harusini." Watu wakacheka, ila mimi sikuwa natania. Kila mara unasikia tapeli amekamatwa na kombati, amekula pesa za wazazi akiwaahidi vijana wao nafasi ya kuajiriwa jeshini. Baba ya bibi harusi hana haja ya kufananishwa na watu hao.

Medali ni habari nyingine. Sare ni ya serikali, unaivaa ukiwa kazini. Medali ulitunukiwa, ukastaafu nayo, utazikwa ukiwa nayo au uwaachie watoto. Na namna ya kuivaa bila sare ipo siku zote, ni vile watu hawaioni mara kwa mara. Jumapili ya pili ya Novemba, kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road kule Nairobi, wazee wa DEFOCA, chama chetu cha wanajeshi wastaafu, husimama na bleza zao nyeusi au za samawati iliyoiva, medali kifuani. Hakuna anayewauliza sare iko wapi. Nikamwonyesha binti yangu picha za wazee hao kwenye simu. Akazitazama kwa muda, akasema, "Sawa Baba, lakini bleza iwe imekukaa." Hapo nikajua tumeelewana.

Bleza nilishonewa Kisumu, na mama mmoja fundi karibu na soko la Kibuye. Angeweza kunirekebishia ya mitumba kwa bei nafuu, na za mitumba zipo nzuri kweli, lakini kitambaa chepesi hakibebi medali. Zikifika tatu au nne, mfuko wa kifuani unavutwa chini na kola inapinda upande mmoja. Nilimwomba aweke kitambaa kigumu cha kola ndani ya kifua, pande zote mbili, kisha juu ya mfuko ashone vitanzi vidogo vya uzi ambamo pini itapita. Kwa njia hiyo pini haitoboi kitambaa, na siku ya kawaida bleza unaivaa bila alama yoyote. Fundi alikuwa hajawahi kushona kitu kama hicho. Alichukua medali moja, akaipima uzito kiganjani, akasema, "Mzee, hii ni chuma kweli," akaongeza mshono mwingine bila kuambiwa.

Zangu ni tatu. Moja ni ya nchi, ya utumishi mrefu. Mbili ni za Umoja wa Mataifa: Namibia, nilikokwenda 1989 nikiwa kijana, tukasimamia uchaguzi na watu wakapata uhuru wao Machi 1990; na Sierra Leone, 2001, wakati kamanda wa jeshi lote la Umoja wa Mataifa kule alikuwa Jenerali Daniel Opande wetu. Raia wengi hawajui kwamba medali za Umoja wa Mataifa zina sura moja. Mbele ni nembo na herufi UN, nyuma ni maneno ya Kiingereza kuhusu kuitumikia amani. Kinachotenganisha Namibia na Sierra Leone ni rangi za utepe peke yake. Ndiyo maana utepe uliochujuka ni hasara. Ukishapoteza rangi, medali imepoteza anwani.

Mpangilio nao si wa kubahatisha. Medali ya daraja la juu hukaa upande wa katikati ya kifua, karibu na vifungo, na zinazofuata huelekea begani. Za misheni hufuatana kwa tarehe, kwa hiyo Namibia ikatangulia Sierra Leone. Yote mengine niliyafuata kwenye ile picha ya sebuleni, kwa sababu siku ile sajini meja alitukagua mmoja mmoja kwa rula, na mtu yule hakuwa anakosea. Nilizishona zote kwenye upau mmoja juu ya ubao mwembamba uliofunikwa kitambaa, ncha za chini zikiwa sawasawa. Ukiziacha zining'inie ovyo zinagongana, zinakwaruzana, na kanisani kila ukipiga magoti zinalia kama kengele ya mbuzi.

Kazi kubwa ilikuwa medali za marehemu baba yangu.

Mzee alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alipigana Bama, yaani Burma, Myanmar ya leo, katika Vita Kuu ya Pili, na huko kwetu wazee wa rika lake walihesabu miaka kabla ya Bama na baada ya Bama. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye nembo ya kichwa cha kifaru, ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika, malaria na matope yakiwaangusha watu pamoja na risasi za Wajapani, hadi wakafika Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Mzee hakusimulia risasi. Alisimulia matope. Alisema nyumbu walizama hadi shingo na mizigo ikabebwa na watu.

Medali zake mama alizihifadhi kwenye mkebe wa majani chai: Nyota ya 1939–45, Nyota ya Bama, na Medali ya Vita, ile ya rangi ya fedha yenye simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Hazikuandikwa jina la mtu. Waingereza walizitoa hivyo, zikiwa tupu, na ukiipoteza leo hakuna atakayejua ilikuwa ya nani. Nilimwandikia kila mtoto wangu karatasi yenye jina la babu, kikosi chake na orodha ya medali, nikaiweka mle mkebeni.

Kuzisafisha, mjomba alinishauri nitumie dawa ya kung'arishia shaba, tuliyokuwa tukisugulia vifungo. Nilikataa. Dawa ile hula chuma kidogo kidogo, na zile nyota ni shaba yenye maandishi madogo na taji katikati. Ukisugua kila mwaka, mwishowe unabaki na nyota isiyo na sura. Nilivua tepe kwanza, nikatumia maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, na mswaki laini wa mtoto, nikazikausha kwa kitambaa cha pamba. Zikabaki na wekundu wao wa uzee, na sikuona haja ya zaidi. Tepe mbili zilikuwa bado imara. Ya Bama ilikuwa imeliwa na mende, hivyo mpwa wangu aliyeko Uingereza akanitumia kipande kipya kwa bahasha: samawati nzito, mstari mpana mwekundu katikati, na mistari ya rangi ya chungwa pembeni. Upana ni milimita 32, na ni muhimu umwambie anayekununulia, maana zipo pia nyembamba za medali ndogo zinazovaliwa kwenye hafla za jioni.

Hizi za baba nilizivaa kulia. Ndivyo desturi tuliyorithi kutoka jeshi la Waingereza inavyosema: kushoto ni zako, kulia ni za mzazi aliyekufa. Ukiweka za marehemu kushoto umejitangaza shujaa wa vita vilivyopiganwa kabla hujazaliwa.

Siku yenyewe kanisani Kakamega kulikuwa na mwanajeshi mmoja aliyevaa sare, mtoto wa dada yangu, koplo, tena yeye aliomba ruhusa kwa kamanda wake mapema na akapewa. Aliponiona nikishuka kwenye gari alikaza mwili, akapiga saluti ambayo akina mama waliipigia vigelegele. Wageni wakasubiri nirudishe. Lakini mimi sikuwa na kofia, na jeshini kwetu asiye na kofia hapigi saluti. Nikasimama mguu sawa, mikono imeshuka, nikamtazama usoni. Yeye alielewa. Baadaye mtu alimuuliza mbona mjomba wako ana maringo, akalazimika kueleza palepale kwenye foleni ya chakula.

Kumpeleka binti yangu mbele, nilimshika kwa mkono wa kulia, na hilo tulilifanyia mazoezi nyumbani, kwa sababu shela ya leo ina nyuzi ndefu na nyota ya Bama ina ncha sita. Mama watoto alikuwa amepitisha uzi mwembamba kwenye upau wa chini ili nyota zisichezecheze. Hata hivyo kwenye kukumbatiana, shangazi mmoja alinaswa kitambaa chake cha kichwa, na ilibidi tusimame hivyo kifua kwa kichwa hadi mpiga picha alipomnasua. Picha hiyo iko kwenye albamu, kamati ilikataa kuiondoa.

Muziki ulipoanza nilizivua zote mbili, za kushoto na za kulia, nikazitia kwenye mfuko wa ndani wenye kifungo. Fundi ndiye aliyeniwekea mfuko huo, kwa akili yake mwenyewe. Nilikuwa nimekaa na soda wakati baba mkwe wa binti yangu, mzee wa Seme, aliposogeza kiti. Aliomba kuona ile yenye simba. Akaigeuza, akaiangalia kwa karibu, akasema kwao wanayo moja kama hiyo, watoto waliwahi kuichezea bila mtu kujua ni kitu gani. Akaniomba nambari ya fundi wa Kibuye, nikamtumia hapo hapo, na nikamwonya juu ya dawa ya kung'arisha.