Shairi la Kukisifu Kiti

Usiku ule wa kughani mashairi, kila kikundi kilipangiwa aina moja ya utungo kiiige kwa kejeli. Sisi tukaangukiwa na shairi la sifa, lile wanalosomewa wakubwa wakishaketi safu ya mbele. Ubishi wa kwanza ulikuwa nani asifiwe. Kumtaja mkubwa fulani kungeugeuza mzaha kuwa matusi, na matusi hayahitaji vina. Mmoja wetu akasema, basi tukisifu kiti chake.

Tuliafikiana kwamba kibadilike kitu kimoja tu: msifiwa. Mengine yote yabaki ya tarbia ya kawaida, yaani mishororo (mistari) minne, mizani (silabi) 16 kwa kila mshororo, 8 za ukwapi, nusu ya kwanza, na 8 za utao, nusu ya pili, na vina vya kati na vya mwisho visikatike. Msamiati nao uwe wa heshima tupu. Ukivunja mizani katika utungo wa namna hii msikilizaji hacheki, anadhani hujui kutunga. Mshororo wa pili ulianza kwa "Miguu yako ni ya mti", mizani 9; tukaing'oa "ya". Ubeti ukasimama hivi:

Nakusifu ewe kiti, cha fahari na baraka,
Miguu yako ni mti, isiyojua kuchoka,
Wewe ndiwe madhubuti, hapo ulipo hutoka,
Akukaliaye eti, kila kesho aondoka.

Kulikuwa na ubeti mwingine wenye tumbo la mkaaji, gari lake na wapambe wake. Tuliutupa. Dhihaka tatu zikibanana katika ubeti mmoja, hakuna inayopata nafasi ya kuchoma.

Mzigo wote uko kwenye "eti". Tuliipachika mwisho wa ukwapi kwa sababu hapo ndipo mghani anapovuta pumzi. Ingetangulia mshororo wa kwanza, hadhira ingejua mapema kwamba inachezewa, na "kila kesho" isingekuwa na pa kutua. Mghani naye aliagizwa asitabasamu kabisa. Sauti iwe ileile ya sherehe, nzito, yenye kunyenyekea. Mghani anayecheka kabla ya wasikilizaji huwa amekula chakula chao.

Kwenye "mti" zikasikika guno mbili tatu. Kwenye "eti" akanyamaza kidogo kuliko tulivyofanya mazoezi, na ukumbi ukalipuka kabla hajaumaliza utao, ikabidi aurudie. Mzee mmoja safu ya mbele hakucheka. Alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika tangu mwanzo, na mwisho akapiga makofi na kuuliza kiti chenyewe kimetengenezwa kwa mti gani.

Hatari hiyo ni kongwe. Mwaka 1702 Daniel Defoe, mwandishi wa Kiingereza, alichapisha kijitabu kilichoiga sauti ya watu wakali waliotaka waliojitenga na Kanisa la Uingereza waangamizwe. Aliiga vizuri mno, wapo waliokipokea kama ushauri wa dhati, na mwaka 1703 akasimamishwa kwenye mkatale mbele ya watu.

Baadhi yetu walitaka uongezwe ubeti wa kufafanua, kwa ajili ya watu kama yule mzee. Mghani akakataa katakata: ubeti huo ungewaokoa wachache na kuwanyang'anya wengine wote raha ya kugundua wenyewe. Nilikuwa upande wake. Tukiwa bado tunabishana nyuma ya pazia, kikundi kilichofuata kilishapanda jukwaani na maombolezo ya kandambili iliyokatika mkanda.