Kijana Anayeuliza Apewe Jawabu Chuoni

Ndugu zangu katika imani, Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Amepokea Abu Daud kutoka kwa Jabir bin Abdillahi, Mwenyezi Mungu amridhie, kwamba maswahaba fulani walikuwa safarini, na mmoja wao akapigwa na jiwe likampasua kichwa. Usiku akapatwa na janaba usingizini, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, yaani kujitakasa kwa udongo badala ya kuoga, nao wakamjibu kwamba hawamwonei ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipopewa habari alisema kwa ukali kwamba wamemuua, na akauliza kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui, kwani dawa ya kutojua ni kuuliza. Wale waliotoa fatwa hawakuwa wanafiki. Walikuwa watu wema waliochelea ibada ya mwenzao isiharibike, na neno lao la kukisia likamwondolea uhai.

Hadithi hii nimeileta kwa ajili ya vijana wetu wa pwani na wa kaskazini mashariki ya Kenya, ambao kwa zaidi ya miaka 10 sasa wametafutwa na wasajili wa Al-Shabaab, ana kwa ana na kupitia simu zao. Tarehe 2 Aprili 2015, wakati wa alfajiri, Chuo Kikuu cha Garissa kilivamiwa, wanafunzi wakatengwa kwa dini zao, na watu 148 wakauawa. Mmoja wa wavamizi alikuwa kijana aliyehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na babake, aliyekuwa chifu, alikuwa ameshawaarifu wakuu kwamba mwanawe ametoweka. Basi tusijidanganye kwamba shahada peke yake ni kinga, wala kwamba aliyehifadhi juzuu nyingi amesalimika. Mtume ametutahadharisha, katika hadithi waliyoafikiana Bukhari na Muslim, na watu wanaosoma Qur'ani isivuke makoo yao.

Tazama namna wasajili wanavyofanya kazi. Humchukua kijana hadi aya ya 5 ya Surat At-Tawba, inayoamuru washirikina wapigwe vita na wauawe, wakamsomea, wakaishia hapo. Hawamsomei aya ya 4, inayowatoa wale waliotimiza ahadi yao na Waislamu. Hawamsomei aya ya 6, inayofuata papo hapo katika msahafu uleule, na inayosema kwamba mshirikina akiomba ulinzi apewe, apate kusikia maneno ya Mwenyezi Mungu, kisha afikishwe mahali pake pa amani, kwa kuwa hao ni watu wasiojua. Hawamwambii kwamba aya hizi ziliteremka mwaka wa 9 wa Hijra, kuhusu watu waliofunga mikataba na kuivunja, na kwamba aya ya 13 inawataja kwa matendo yao: walivunja viapo, wakaazimia kumtoa Mtume, na wao ndio walioanza. Amri yenye wakati wake, mipaka yake na watu wake hugeuzwa kuwa hukumu ya kifo juu ya mwanafunzi anayekaa naye dawati moja.

Na kijana huyo pengine ameshaisoma aya ya 6 mara nyingi. Ameisoma kwa tajwidi, ghunna na madda mahali pake, mbele ya mwalimu aliyemsahihisha herufi moja moja na asimweleze maana ya hata neno moja. Siku alipoinua mkono chuoni, yaani madrasani, akauliza kama damu ya jirani yake Mkristo ni halali, aliambiwa anyamaze, kwamba maswali hayo yanaleta balaa. Alinyamaza, lakini swali alikwenda nalo kwenye simu, na huko akamkuta mtu mwenye jawabu na mwenye subira ya kuzungumza naye hadi usiku wa manane. Nasema haya nikiwaheshimu walimu wa vyuo vyetu, ambao wengi wanafundisha kwa posho isiyowatosha, na ambao hakuna aliyewalipia mafunzo ya kuyakabili maswali ya aina hii. Hilo ni deni letu sisi wazazi na kamati za misikiti.

Ibn Abbas, swahaba wa Mtume, alipowaendea Makhawariji, kundi lililomwasi Khalifa Ali, kule Harura, hakuanza kwa kuwalaani. Aliwauliza wana lawama gani juu ya Ali, akayasikiliza malalamiko yao matatu hadi mwisho, kisha akayajibu moja baada ya jingine kwa Qur'ani na Sunna, na maelfu wakarejea. Kusikiliza huko tunakuhitaji sana, kwa sababu vijana wetu wana malalamiko ya kweli: ardhi, kazi, na wenzao waliochukuliwa wasionekane tena. Mwalimu akimwambia kijana kwamba dhulma haipo, atakuwa amempoteza. Amwambie ipo, kisha amwonyeshe Surat Al-Maida, aya ya 8, kwamba chuki ya watu isitupeleke kuacha uadilifu.

Desemba 2015, karibu na El Wak, abiria wa basi lililokuwa likienda Mandera waliamriwa wajitenge Waislamu upande mmoja na Wakristo upande mwingine. Waislamu walikataa, wakawaambia wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote, na wanawake walikuwa wameshawapa wenzao Wakristo hijabu zao wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile, akafariki Januari 2016, Mwenyezi Mungu amrehemu. Watu wale walijua dini yao inasema nini kabla hawajaulizwa kwa mtutu.

Kwa hivyo ninaomba wiki hii kila chuo kianze kuwatengea vijana wa miaka 13 na zaidi, wavulana kwa wasichana, darasa la tafsiri ambamo kila swali linaruhusiwa, na Surat At-Tawba isirukwe. Mwalimu asiyekuwa na jawabu aseme hajui, akamwulize aliyemzidi elimu, arudi nalo juma linalofuata. Imamu Malik, mwanachuoni wa Madina, imepokewa kwamba aliulizwa masuala 48, na katika 32 akajibu, "Sijui."