Ninavyoipima reale ya Maria Theresia kabla ya kuinunua

Reale za Maria Theresia, sarafu kubwa za fedha, zinazouzwa Unguja na Muscat karibu zote zina mwaka 1780, na mwaka huo peke yake hauthibitishi kitu. Maria Theresia, malkia wa Austria mwenye sura hiyo kwenye sarafu, alifariki Novemba 1780, lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi walishaizoea sura yake, basi Vienna ikaendelea kuipiga chapa kwa mwaka uleule. Katika karne ya 20 Rome, London, Paris na Bombay nazo ziliipiga. Kwa kuwa nakusanya za karne ya 18, natafuta kwanza zenye miaka ya kabla ya 1780. Ile ya 1780 nailipia thamani ya fedha yake tu, yaani gramu 23.39, isipokuwa muuzaji ana ushahidi wa zaidi.

Reale nzima ina gramu 28.07 na kipenyo cha milimita 40 hivi. Fedha ni sehemu 833 kwa 1,000, iliyobaki ni shaba. Iliyochakaa hupungua kidogo, hilo halinisumbui. Iliyozidi gramu 28.2 naitilia shaka.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha maji. Naweka bilauri ya maji juu ya mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, nairudisha kwenye sifuri, kisha naitosa sarafu yote ikiwa imening'inia kwa uzi mwembamba, isiguse chini wala ubavuni. Mizani isome karibu 2.75. Gawa uzito wa sarafu, hapa 28.07, kwa namba hiyo upate 10.2, ambao ndio msongamano wa fedha ya kiwango hiki. Bandia ya shaba na nikeli yenye uzito uleule husoma 3.15 hivi. Viputo vya hewa vikinasa kwenye manyoya ya tai aliyechorwa nyuma ya sarafu, namba hupanda na sarafu nzuri ikaonekana mbovu, kwa hiyo natia tone la sabuni ya vyombo na kuitikisa.

Halafu ukingo. Ya 1780 ina maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyoinuka. Bandia ya kumiminwa kwenye kalibu huwa na herufi butu na mstari wa kiungio. Hapohapo, juu ya kichwa, natafuta alama ya lehemu: nyingi zilivaliwa shingoni, na palipokatwa kishikio pamesuguliwa pakalainika. Hiyo ni fedha halisi, ila bei lazima ishuke.

Weusi siusugui kwa magadi wala dawa ya meno. Huondoka na ngozi ya sarafu. Mafuta nayatoa kwa asetoni safi, mbali na moto.